King'amuzi cha Linux kinakataa kuingiwa kwa SSH

Muulizaji, Dodoma:
Ndugu zangu, tangu niweke toleo jipya la Enigma2 (programu ya Linux inayokiendesha) kwenye king'amuzi changu, pingi (ujumbe wa kupima kama mashine inafikika mtandaoni) kutoka kompyutani inajibiwa vizuri, lakini nikijaribu kuingia kwa SSH (njia salama ya kuiendesha mashine nyingine kupitia mtandao) kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, bila nenosiri kama zamani, ninakataliwa. Nianzie wapi?

Jibu, Kondoa:
Kwa kuwa pingi inajibiwa, ndugu yangu, waya na ruta uziache. Matoleo mengi ya sasa hayamruhusu root kuingia kwa SSH bila nenosiri, nami naona ni uamuzi wa busara. Liweke kupitia menyu kwa rimoti. Au, ikiwa telneti, njia ya zamani ya kuingia kama SSH, kwenye poti (mlango wa mtandao) 23 bado inakubali, ingia humo utumie amri ya passwd kuliweka.

Jibu, Singida:
Ukiambiwa kwamba ufunguo wa mashine, ambao SSH hutumia kukitambua king'amuzi, umebadilika, sababu ni kwamba mfumo uliosakinishwa upya hutengeneza ufunguo mwingine. Ufute ule wa zamani kompyutani kwa ssh-keygen -R ikifuatiwa na anwani ya king'amuzi. Nakusihi pia usifungue poti 22 (ya SSH) wala 23 kuelekea intaneti, hasa kwa vile telneti husafirisha nenosiri bila kulificha.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nimeweka nenosiri kwa rimoti, nikaufuta ufunguo wa zamani, na sasa ninaingia.