Mafundi wa tovuti, mnalipwa kutengeneza menyu ambayo mwenye simu hawezi kuifungua?

Wakuu, habari za mchana. Leo nina hasira na sitaificha.

Kuna nyumba ya wageni hapa Tanga, upande wa Raskazone. Mwenyewe ni mama mtu mzima aliyemlipa fundi pesa nzuri amtengenezee tovuti. Nimeitwa kuikagua kwa sababu wageni kila siku wanapiga simu kuuliza bei, na bei zimo humo humo kwenye tovuti. Zimo, ila hazifikiki. Zimewekwa ndani ya menyu ya kushuka chini ya neno "Vyumba", na menyu hiyo inafunguka kwa :hover peke yake, amri ya CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti. Lazima upitishe kishale cha mausi juu ya neno ndipo orodha ishuke. Sasa mgeni anayeshuka basi stendi ya Kange na simu mkononi, mausi anaitoa wapi?

Kila simu inaleta balaa lake. Kwenye Chrome ya Android ukigusa "Vyumba", kiungo kinakuchukua papo hapo hadi ukurasa wenye picha tu. Orodha hata hujaiona. Kwenye iPhone, Safari inauhesabu mguso wa kwanza kama kishale kimepita, orodha inashuka, halafu mguso wa pili ndio unafungua kiungo. Ukitaka orodha iondoke inabidi uguse pembeni, na muda wote huo imefunika namba ya simu ya mapokezi. Msimbo ni ule ule mmoja!

Msiniambie basi kwenye kompyuta iko sawa. Fundi ameipanga orodha kwa top: 38px, yaani ianzie pikseli 38 kutoka juu ya kitufe. Kwenye mashine yake, kwa fonti yake, iligusana na kitufe. Ukifungua kwenye Firefox ya kompyuta nyingine, fonti ikibadilika na urefu wa mstari nao unabadilika, kunabaki mwanya mwembamba katikati. Kishale kikiingia kwenye ule mwanya orodha inatoweka kabla hujaifikia. Angeandika top: 100%, yaani ianzie pale kitufe kinapoishia, na nafasi aliyoitaka akaiweka kama padding ndani ya orodha yenyewe, tatizo hili lisingekuwepo. Hilo ni somo la mwanzo kabisa la CSS.

Kisha picha zinazozunguka ukurasa wa mbele zinaifunika menyu. Dawa yake? z-index: 99999, namba ya kuamua kipi kikae juu ya kingine. Haikusaidia, akaongeza 9 nyingine! Mkuu, kichwa cha ukurasa umekiwekea transform, amri ya kusogeza au kugeuza kitu. Hapo kimeshakuwa na tabaka lake, na namba yoyote utakayoiandika ndani inashindana humo humo ndani, nje haitoki. Kipe hicho kichwa chenyewe position na z-index, kazi imeisha.

Kilichonichoma zaidi ni hiki: faili la CSS limejaa mbinu za kuibembeleza Internet Explorer 6, brauza ya mwaka 2001 ambayo ilikuwa inaelewa :hover kwenye viungo tu. Zamani mbinu hizo zilikuwa na sababu, watu walihangaika kweli. Lakini Microsoft walishaacha kuihudumia hata Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022. Kwa hiyo brauza iliyokufa imehudumiwa, na simu ya mteja aliye hai imesahauliwa. Mtu amenakili templeti ya kale, akabadilisha rangi na nembo, akachukua pesa.

Na njia zipo, tena rahisi. Tumia button halisi inayofunguka kwa kuguswa na kwa kibodi, weka aria-expanded ili asiyeona naye ajue menyu iko wazi au imefungwa. Hutaki JavaScript, lugha ya kuipa tovuti vitendo? Tumia details na summary, lebo za ukurasa zinazojua kufunguka na kujifunga zenyewe zikiguswa. Unaipenda :hover? Ifungie ndani ya @media (hover: hover), ifanye kazi kwa wenye mausi tu, na uiwekee :focus-within pembeni kwa wanaotumia kibodi. Na bei za vyumba, jamani, ziandikeni wazi kwenye ukurasa wa kwanza! Nyumba yenye aina tatu za vyumba inafichia nini bei kwenye menyu?

Wenye biashara mnaosoma hapa, msimalizie salio kwa kuonyeshwa tovuti kwenye laptop ya fundi. Ombeni simu ya mlinzi, ya mpishi, ya mgeni yeyote aliye hapo, ya bei yoyote, mjaribu kufungua kila kitu kwa kidole.

Na wewe fundi wa kazi ile, najua humu unaingia. Mama amekupigia wiki nzima hupokei. Mpe nywila za seva yake na za jina la tovuti, maana vyote umesajili kwa barua pepe yako, na mpaka sasa hakuna anayeweza kurekebisha hata mstari mmoja.