Wasichana wanaanguka "mapepo" kila mtihani ukikaribia, mwalimu wa unasihi nifanyeje?

mwalimu_wa_chaki:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiswahili na Historia shule ya kata huku kanda ya ziwa. Mwaka jana hedi akaniteua niwe mwalimu wa malezi na unasihi kwa sababu, nanukuu, "wewe watoto wanakupenda". Nikapelekwa semina siku mbili, siku ya kwanza tukafundishwa kujaza fomu za ripoti, ya pili mimba na utoro, tukasaini posho tukarudi. Kuhusu akili ya mtoto hamna aliyegusa.

Sasa tangu juzi fomu tuu wanaanguka. Alianza mmoja mstarini asubuhi, akapiga ukelele akadondoka, haijapita nusu saa wako saba, kufika saa nne walikuwa kumi na moja, wote wasichana, wanalia, wanarusha mikono, mmoja anaongea maneno hayaeleweki. Mwaka jana ilikuwa hivihivi na ilikuwa kipindi hikihiki, wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa. Stafu imegawanyika, mmoja anataka aitwe mchungaji, mwingine shehe, wa nidhamu anasema wanaigiza, wachapwe tuone kama hawatanyanyuka. Mimi nilichojua kufanya ni kuwafunika miguu na kitenge basi, na usiku nimeshindwa kulala.

Naomba kujua, kesho wakianguka tena nafanya nini? Na nyie mliosomea haya mambo, mwalimu anatakiwa afundishwe nini hasa? Sitaki kuwa daktari, nataka nielewe tu ninachokiona.

mjukuu_wa_nshomile:
Pole sana mwalimu. Hili jambo ni la zamani kuliko sisi wote humu. Mwaka 1962 Kashasha, karibu na Bukoba, shule ya bodingi ya wasichana ya misheni, watoto walianza kucheka. Walianza watatu tarehe 30 Januari, ikasambaa hadi wakafika 95 kati ya 159, wanacheka na kulia na kukimbia huku na huku, wengine masaa, wengine siku kadhaa zinakatika zinarudi, shule ikafungwa mwezi wa tatu. Walioondoka kwenda nyumbani ikawafuata huko, Nshamba ikashika zaidi ya 200. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakupata kitu. Na cha kuzingatia, hakuna mwalimu hata mmoja aliyeugua. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa wiki chache tu, wazazi wanategemea makubwa kwa hao watoto, na nidhamu ya bodingi ya misheni unaijua. Bibi yangu alikuwa msichana kipindi hicho, anasema watu waliwacheka sana wale mabinti lakini hakuna aliyewauliza wanaogopa nini.

nesi_wa_akili:
Mwalimu mimi ni nesi wa afya ya akili hospitali ya wilaya, nimeshaitwa shuleni kwa kesi kama hii mara nyingi. Hawaigizi, na huyo wa nidhamu mwambie kwa upole kabisa. Mwili wa mtoto ukibeba hofu kuliko anavyoweza kusema, unasema wenyewe, na wenzake wenye hofu ileile wakiona miili yao inafuata. Mtoto hachagui kuanguka.

Kesho ukiona wa kwanza, mtoe pale haraka, usiache duara la watu, maana hilo duara ndilo linalozaa wa pili na wa tatu. Mpeleke chumba kimya akae na mwalimu mmoja wa kike anayeongea polepole, wengine warudi darasani vipindi viendelee kama kawaida. Asimwagiwe maji, asishikwe na wavulana sita. Ila usijipe kazi ya kuamua hii ni hofu au ni ugonjwa, mtoto anayeanguka kwa mara ya kwanza apelekwe kituo cha afya, inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, kifafa, sukari imeshuka kwa njaa, na ukiona ameng'ata ulimi au amejikojolea usisubiri kabisa. Wakishatulia, siku mbili tatu baadae, ongea na mmoja mmoja peke yake.

Kuhusu mwalimu afundishwe nini, kwangu mimi jambo la kwanza ni kuona badiliko. Mwalimu anamwona mtoto siku mia mbili kwa mwaka, mimi namwona dakika ishirini. Aliyekuwa anaandika vizuri kaacha, aliyekuwa anacheza netiboli kajitenga, kila Jumatatu tumbo au kichwa, anasinzia, anagawa vitu vyake kwa wenzake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili, sasa chukua darasa lako la watoto 60 upige hesabu. Jambo la pili ni kuuliza bila kuzunguka. Walimu wengi wanaogopa kumuuliza mtoto kama amefikiria kujiua wanadhani watampandikizia wazo, sio kweli, mtoto anapumua kwa sababu hatimae mtu ameuliza. La tatu usimuahidi siri ambayo huwezi kuitunza, mwambie tangu mwanzo kwamba ikiwa maisha yake yako hatarini utamwita mtu wa kukusaidia, na huyo mtu umjue kabla, sio siku ya tukio ndio unatafuta namba ya afisa ustawi wa jamii. Na 116, simu kwa mtoto, ni bure, ibandike ukutani.

Na inawezekana wakuu. Arusha na Malawi walishafanya, walimu wa sekondari wakafundishwa mtaala wa afya ya akili uliotokana na kazi ya Dk. Stan Kutcher wa Kanada, sambamba na vipindi vya redio vya vijana. Walimu walipopimwa kabla na baada, uelewa ulipanda na ile tabia ya kuwaona wagonjwa wa akili kama vichaa wa kukimbiwa ikapungua. Mafunzo yalianza na mwalimu mwenyewe, kichwa chake.

Baba_Wawili:
Nesi nakuheshimu ila mimi mwanangu alianguka hivyohivyo na alipona kwa maombi, sio hospitali. Na sisi tulichapwa tukasoma tukafika. Nina hofu mnawalea watoto wawe laini.

nesi_wa_akili:
Baba nashukuru mtoto amepona, na sikuzuii kuomba, hata mimi naomba. Ninachoomba ni maombi yafanyike nyumbani kwa utulivu na mtoto apimwe pia, hivyo viwili havigombani. Maombi ya kelele katikati ya mstari mbele ya watoto mia nne yanaongeza wanaoanguka, nimeyaona kwa macho. Fimbo hata kanuni za 2002 zinasema mkuu wa shule tu au aliyempa ruhusa na zisizidi nne, na kuanguka sio kosa la nidhamu.

Ticha wa Kakamega:
Mwalimu pole, naandika kutoka Kenya. Kwetu viboko vilikatazwa 2001 lakini kukataza peke yake hakukutufundisha cha kufanya badala yake. Nataka kuongeza kitu kuhusu wavulana, hao hawaanguki, hao wanachoma bweni. 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa huku na nyingi ilikuwa muhula wa pili, tukiwaita wahuni, tukafukuza, tukashtaki. Sijasema moto ni ugonjwa, ila hakuna aliyekuwa amekaa na hao vijana chini kabla ya kiberiti. Shuleni kwangu kilichosaidia ni kuacha kumfundisha mwalimu mmoja wa gaidansi peke yake. Tuliita matroni, mpishi, hata soja wa geti, tukakaa Jumamosi tatu. Mpishi ndiye anajua nani hali. Soja ndiye anajua nani anazunguka usiku. Mimi na masomo yangu 27 kwa wiki ningejua saa ngapi?

zuhura_m:
Nimesoma nikanyamaza nikarudi tena. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaoanguka, fomu tuu, 2009. Nilikuwa nasikia kila kitu ila siwezi kujizuia, na nikiamka naona aibu mpaka natamani nianguke tena nisiwaone. Nyumbani walishasema nikifeli naolewa. Nilipita, nikaendelea, nashukuru.

Ila mwalimu nakuandikia kwa ajili ya rafiki yangu aliyekuwa ananishikia kichwa. Yeye hakuwahi kuanguka hata siku moja. Mama yake alifariki likizo ya mwezi wa sita na shule haikujua, akawa anakaa kwa mjomba na alikuwa halali. Alikuwa anaandika nyuma ya daftari la hesabu, kurasa na kurasa, anamwandikia mama yake. Mwalimu wa hesabu alilikuta, hakusoma, akamchapa kwa kuharibu daftari. Fomu tatu hakurudi. Kila mtu alikuwa anatutazama sisi tuliokuwa chini.

mwalimu_wa_chaki:
Asanteni sana, wote, na Zuhura nimelia. Jana alianguka mmoja tu. Tulimtoa mimi na mwalimu wa Baiolojia, tukafunga mlango, nje kengele ikagongwa kama kawaida, wa pili hakutokea. Wote kumi na moja wamepelekwa zahanati, wawili wamekutwa na malaria. Hedi amekubali Jumamosi moja na stafu nzima pamoja na wapishi, nesi nitakutafuta inboksi.

Ila nilipomaliza kusoma ya Zuhura nilimkumbuka mmoja wa fomu tatu, anakaa dirishani, muhula huu sijasikia sauti yake na sikuwa nimegundua. Sikumwita ofisini, nilimwambia tu naomba unisaidie kuhesabu vitabu vya stoo. Alikuja. Tulihesabu mpaka saa kumi na moja, hakusema kitu na mimi sikumlazimisha. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama kesho vitabu vingine vipo.

Havipo. Nimeomba funguo ya kabati la ramani.