Tupeane uzoefu: waliobadilisha boksi la fyuzi kwenye gari

Mleta uzi, Nkuhungu
Wakuu habari za humu. Nina Toyota IST, boksi la fyuzi la kwenye injini limeyeyuka upande wa feni, plastiki imekuwa nyeusi na ukisimama foleni juani harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Fundi mmoja anasema tubadilishe boksi zima, mwingine anasema apitishe waya pembeni niendelee na maisha. Mliopitia hili tiririkeni.

Dereva wa Kibaigwa
Mkuu usikubali kabisa hiyo ya pembeni. Hiace ninayopiga nayo Kibaigwa Dodoma boksi liliungua upande wa taa, kumbe mwenye gari wa kwanza alifunga spotilaiti akachomeka waya kwenye mguu wa fyuzi ya ampea 15, ikawa inakata kila mara basi wakamwekea ya 30. Sasa fyuzi haikati tena, kinachopata moto ni waya na boksi lenyewe. Tulipoweka boksi lingine spoti zikapewa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake kutoka betri, mpaka leo kimya. Fungua kifuniko chako ulinganishe na mchoro, bluu ni 15, njano 20, kijani 30, ukikuta rangi haiendani na kilichoandikwa ujue kuna mtu ameshapita hapo.

Mama wa Ilazo
Mimi ni Noah. Boksi used lilitoka Dar, ukiliangalia ni lilelile hata plagi zinaingia, ila fundi wangu ni mtu makini akalinganisha namba akakuta ni la gari lisilo na ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki). Likarudishwa. Kwa hiyo piga picha namba yote ya boksi lako ndio umtumie muuza spea, usimwambie tu "la Noah".

Fundi waya, Chang'ombe
Mleta uzi, fyuzi ya feni ilikatika au iko nzima? Hapo ndipo pa kuanzia. Kama ni nzima na boksi limeyeyuka, maana yake teminali (vichwa vya chuma vinavyoshika mguu wa fyuzi) zimelegea, zikilegea hazishiki vizuri, panazaa joto hapohapo kwenye mguu, na fyuzi haiwezi kukata kwa sababu ampea hazijazidi. Feni iliyochoka nayo inavuta umeme mwingi, na kwa jua letu hili inazunguka karibu muda wote. Nimeona watu wanaweka boksi zuri kabisa halafu linaungua vilevile kwa sababu vichwa vya waya vilivyoungua vimerudishwa kama vilivyo. Kata kipande kilichopauka, weka teminali mpya, bana vizuri. Kabla ya yote toa hasi ya betri na upige picha kila plagi ilipokaa, ukirudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Na yeyote atakayekuwekea kipande cha waya badala ya fyuzi mfukuze, hilo ni gari la kuwaka moto na watu ndani.

Mleta uzi, Nkuhungu
Fundi ubarikiwe sana, fyuzi ni nzima kabisa, ni mguu mmoja tu umekuwa mweusi. Basi kesho nampelekea fundi apime feni inavuta ampea ngapi ndio niongelee boksi. Mwenye IST ya injini ya 1NZ humu naomba picha ya namba ya boksi lake, ya kwangu imeyeyuka nusu haisomeki.