Kupitisha kebo ya intaneti na waya wa AC kwenye ukuta uliokwisha lipu na rangi: nianzie wapi?

BintiTabata ameandika:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nyumba ni ya wazazi wangu, iko Tabata, vyumba vitatu na sebule. Kuta za nje ni tofali za nchi 6, za ndani nchi 5. Lipu ipo, skimu ipo, na rangi imepigwa upya mwaka jana. Mama ameshatangaza kwamba atakayeikwaruza atafute pa kupanga.

Ruta iko sebuleni kwenye kona ya dirisha la mbele, ndipo waya wa intaneti ulipoingilia. Mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma, kuta mbili katikati. Wi-Fi inafika huko imeshachoka. Nikiwa kwenye kikao cha video naganda mdomo wazi, wenzangu wanacheka. Kwa hiyo nataka kebo ya intaneti, Cat6, kutoka kwenye ruta hadi mezani kwangu. Na kwa kuwa ukuta utaguswa, nataka papo hapo na soketi ya AC ya BTU 12,000, maana chumba hicho jua la jioni linakimaliza.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza kasema paipu ya soketi ya zamani ina nafasi, kebo ya intaneti itapita humo humo pamoja na nyaya za umeme, hakuna kukata chochote. Wa pili kasema atapasua ukuta kwa mlalo, kutoka soketi ya sebuleni mpaka ya chumbani, kwa grainda, siku moja kamaliza. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui kazi.

Mimi huko YouTube naona Wamarekani wanatoboa tundu dogo tu, wanadumbukiza waya juu, unatokea chini, hata sakafu haichafuki. Kwa nini kwetu lazima iwe vita?

Dari ya sebuleni ni gypsum, vyumbani ni bodi za kawaida. Mlango wa kupandia darini upo, koridoni.

Mdau_Kimara amejibu:

Weka trankingi nyeupe, ile mifereji ya plastiki ya kufichia waya, juu ya ukuta, funga hadithi. Elfu chache tu, mama hatakasirika.

BintiTabata amejibu:

Mdau, nimeifikiria. Ila ruka milango mitatu, zunguka kona, pita nyuma ya kabati la vyombo la mama... itaonekana kama ofisi ya kata.

FundiChumbageni amejibu:

Marahaba mwanangu. Mimi ni fundi umeme, Tanga hapa, nimepita VETA na leseni ya EWURA ninayo. Hao mafundi wako wote wawili wasiguse hiyo nyumba mpaka wasome hapa.

Wa kwanza kwanza. Kebo ya intaneti haikai paipu moja na nyaya za 230V. Watu husema sababu ni mwingiliano wa mawimbi, na upo, lakini si huo unaonitisha. Ganda la Cat6 halikutengenezwa kwa ajili ya kukaa limebanana na waya wa umeme. Siku ganda la waya wa umeme likichunika wakati wa kuvuta, na huchunika, umeme unahamia kwenye kebo ambayo mwisho wake umeuchomeka kwenye kompyuta iliyo mkononi mwako. Kila moja na paipu yake. Zikienda sambamba darini ziachanishe kama futi moja, zikikutana zikatane msalaba.

Wa pili ndiye hatari kwa ukuta. Kanuni za ujenzi za Waingereza, ambazo ndizo tulizokuta darasani, zinasema mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wako wa nchi 5 ni kama milimita 125. Wima unaruhusiwa kama milimita 40. Mlalo kama 20. Paipu yenyewe ni ya milimita 20, bado hujaifunika. Kwa hiyo mfereji wa mlalo kwenye ukuta wa nchi 5 hauwezekani kwa kanuni hiyo, hata fundi awe malaika. Halafu kuna jambo la pili: kesho mtu anataka kutundika televisheni, ataangalia soketi iko wapi, atajua waya umepanda juu yake moja kwa moja. Nani atajua kuna waya unalala katikati ya ukuta mtupu? Ataupiga drili.

Njia yako ni darini. Kebo ipande wima kutoka kwenye ruta, itembee juu ya kenchi, zile mbao za paa, ishuke wima chumbani. Ukuta unaguswa sehemu mbili tu nyembamba.

Sasa kabla ya kugusa hata hizo mbili, zima breka, hakikisha kwa testa kwamba soketi imekufa kweli, ifungue utazame boksi lake. Tundu la paipu liko juu au chini? Likiwa juu, paipu zako zinapanda darini, na huenda kuna hata paipu tupu, maana zamani sehemu ya simu au antena iliwekewa yake na haikutumika. Likiwa chini, zimepita sakafuni, huko usahau. Kuna mfuniko mtupu wowote ukutani? Huo ndio wa kufungua mapema kuliko yote. Sukuma springi ya kuvutia nyaya, mwenzako akae darini asikilize inatokea wapi. Ikigoma, ujue wajenzi walimwaga saruji ndani, usilazimishe.

Kama hakuna paipu tupu, tatizo lako linaitwa lenta. Ni boriti ya zege iliyo usawa wa juu ya milango, na ndani yake kuna nondo. Fundi mwenye grainda na haraka ataikata kama anavyokata tofali. Usikubali. Kwenye lenta lipu ni nyembamba, paipu ya duara haiingii bila kugusa zege, kwa hiyo pale tumia paipu bapa, ile ya yai, na uinue lipu kidogo. Au shusha kwa trankingi fupi kwenye kona nyuma ya pazia, kipande hicho kimoja tu. Hiyo mama hataiona.

Na hapa ndipo una bahati: AC haivuki lenta kabisa. Mashine yenyewe inakaa juu, soketi yake inakaa kando yake juu. Unashuka kutoka darini vipande viwili vya tofali, umefika.

Mfereji wenyewe: mistari miwili ya grainda, sentimita mbili na nusu katikati, halafu tindo taratibu. Lowesha ukuta kwanza, vaa barakoa, funika kabati la vyombo. Ukiziba, mwagia maji mfereji kabla ya kuweka mchanga na saruji, na juu yake kaza kipande cha wavu wa kuku kabla ya skimu, la sivyo ufa utaonekana miezi michache ijayo ukifuata mstari ule ule.

WaMjiWaKale amejibu:

Nami nachangia kutoka Mombasa, ingawa nyumba zetu ni nyingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mtoto anaweza kulala dirishani. Huku hesabu ya fundi ya theluthi haisaidii, kwa kuwa katikati ya ukuta ni vifusi na udongo. Ukigonga tindo hapa, jiwe linatoka lenye ukubwa wa chungu na vifusi vinafuata. Sisi twapitisha paipu juu ya ukuta, kandokando ya boriti, twaipaka chokaa. Na aliye na nyumba kama hii akilazimika kuchimba, azibe kwa chokaa, si saruji. Saruji yafungia unyevu ndani na lipu ya kando yake yaanza kubabuka. Masanduku ya soketi pia chukueni ya plastiki. Ya chuma hewa ya chumvi yayala.

Dada wa Tabata, wewe una tofali za saruji, mfuate fundi.

Kijana_Minneapolis amejibu:

Niongeze kuhusu hizo video. Niko Minneapolis na nyumba yangu nimevuta kebo mwenyewe. Kuta za ndani huku si kuta kwa maana yetu: ni nguzo za mbao zilizosimama kila nchi 16, zimebandikwa bodi za gypsum za nusu nchi pande zote mbili. Katikati ni hewa. Unapanda darini, unatoboa ubao wa juu, waya unaanguka wenyewe. Boksi la soketi linabana bodi kwa masikio yake, halihitaji hata msumari. Kwa hiyo Mmarekani si fundi kuliko wa Tabata, ana ukuta mtupu tu. Ukikuta mtu Bongo anakuuzia vifaa vya hizo video, pita.

Jambo moja la kununulia: kuna Cat6 za bei ya kutupa ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Inakatika kwenye kukunja na inapoteza nguvu. Shaba ni nyekundu mpaka katikati. Gigabiti moja inafika mita 100, wewe hutamaliza hata 30.

BintiTabata amejibu:

Fundi Chumbageni, Mungu akuweke. Nimezima breka, kaka yangu kafungua soketi zote mbili: paipu zinapanda. Na kuna mfuniko mtupu nyuma ya sofa sebuleni, sote tulidhani ni pambo! Springi tuliyoazima imepita mpaka darini bila kusita. Kwa hiyo sebuleni hakuna kukata, imebaki chumbani tu, na pale nitatumia kona ya pazia.

Swali la mwisho. Fundi wa kwanza amerudi, kakubali mambo ya intaneti, ila anasema waya wa AC auunge kwenye soketi iliyopo chumbani kwa sababu "ni karibu". Ni sawa?

FundiChumbageni amejibu:

Si sawa. AC inataka njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, na breka yake. Ukiiunga kwenye soketi, siku AC, pasi na jagi la maji vinawaka pamoja utakuwa unatembea kwenda kwenye breka usiku.

Na kuhusu saizi ya waya, usikubali 2.5 (milimita za mraba) kwa mazoea. Majedwali ya uwezo wa waya yanahesabu hewa ya nyuzi joto 30. Juu ya dari yako chini ya bati mchana ni zaidi ya hapo sana, na kwenye nyuzi joto 50 waya wa ganda la PVC unabaki na karibu asilimia 70 ya uwezo wake. Ama 2.5 na breka ya 16A, ama 4 na breka ya 20A. Mimi ningeweka 4, tofauti ya bei kwa umbali wako haifikii chakula cha mchana cha mafundi wawili. Waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, ufike mpaka kwenye soketi, fundi auonyeshe kwa mita kabla hujamlipa. Kazi ya ndani ya boksi la breka aifanye mwenye leseni. Muulize, akikasirika umeshapata jibu.

Kwenye ile paipu ya nyuma ya sofa, mkivuta Cat6 vuteni na uzi wa nailoni uachwe humo, siku nyingine utavutia kebo nyingine bila kuazima springi.

Darini mkanyage kenchi tu, ile gypsum haibebi mtu. Na mpande saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba mchana chini ya bati atashuka mtu amezimia, na safari hii mama atakuwa na haki.