Mdogo wangu ana masaa 220 ya kuruka, ameitwa nje kuzima moto wa misitu kwa ndege. Aende?

Dada_wa_Sikonge:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ana leseni ya urubani wa biashara na masaa kama 220. Huku Sikonge moto wa kiangazi tunaujua, umeshatuunguzia mizinga ya nyuki ya baba, kwa hiyo kazi hii anaitaka kwa moyo wote. Sasa kampuni moja ya nje inataka arushe ndege ya injini moja ya kumwaga maji, peke yake, baada ya mafunzo ya wiki mbili. Baba anasema Mungu amefungua mlango. Mimi usingizi sipati. Wanaojua mambo ya anga, naombeni ushauri.

Rubani_Mstaafu:
Dada, kwa masharti hayo asiende. Masaa 200 ni ya kupatia leseni. Marekani, rubani mkuu wa ndege hizi anaanzia masaa 1500, na bado anapimwa upya kwa kazi ya moto yenyewe. Chukua Air Tractor AT-802, moja ya ndege hizo: inabeba maji kama lita 3,000, yaani tani tatu. Unashuka karibu na vilele vya miti, moshi umeziba mbele, hewa ya moto inakurusha huku na huku. Ukifungua mlango wa tangi, mzigo unatoka kwa sekunde chache na pua inanyanyuka. Hapo mkono uwe umeshafanya kazi kabla hujafikiri, na mkono wa namna hiyo haupatikani kwa wiki mbili. Halafu joto na mwinuko vinaila nguvu ya ndege. Hapo Tabora tu ni zaidi ya mita 1,100. Mchana wa Oktoba ndege iliyojaa si ile ya asubuhi.

Kijana_wa_Nzega:
Mbona na wazoefu wanakufa? Januari 2020 kule Australia C-130, ndege kubwa ya kuzimia moto, ilianguka na Wamarekani watatu, hakupona mtu.

Rubani_Mstaafu:
Kweli mkuu, na inaniuma kila nikiikumbuka. Upepo uliwageukia walipokuwa wanapanda baada ya kumwaga. Kabla yao, rubani wa ndege ndogo ya kuwaongoza wamwagaji alishaikataa kazi hiyo kwa sababu ya hali ya hewa, na wao hawakuambiwa. Ndiyo maana dada, masaa peke yake hayatoshi. Mdogo wako aulize: nikisema siruki leo, nalipwa? Mwenzangu akikataa, nitaambiwa? Aulize na umri wa ndege na mara ya mwisho mabawa yalikaguliwa lini. Mwaka 2002 Marekani ndege mbili kuukuu zilikatika mabawa angani kwa nyufa za uchovu wa chuma, watu watano wakafa.

Bibi_Shamba:
Dada yangu, kuna njia ya katikati. Ndege za kunyunyizia dawa kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, zinamzoesha kuruka chini. Na Afrika Kusini zipo ndege ndogo za kuongoza, zinakaa juu ya moto na kuwaelekeza wamwagaji. Anajifunza moto bila kubeba mzigo.

Dada_wa_Sikonge:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumewauliza watu wa kampuni kuhusu kukataa kuruka, wakajibu "hayo ataongea na msimamizi akifika". Hasaini, na baba ameafiki. Bibi Shamba, hizo za kweleakwelea wanapokea rubani wa masaa mangapi?