Mnaokimbia kandokando ya mto, tupeane uzoefu: unapita wapi na yamekukuta yapi?

Mkimbia Presha (Moshi)

Wakuu, habari za asubuhi. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kukimbia, na nilianza kwa ajili ya presha, si kwa kutafuta medali. Sasa Moshi kwetu, ukitoka mjini kuelekea juu ni kupanda tu. Waliowahi kukimbia Kilimanjaro Marathon wanaujua ule mwinuko wa kwenda Mweka, magoti yanaomba talaka. Yangu yaliomba mapema, daktari akayaunga mkono.

Jirani ndiye aliyenionyesha njia ya chini. Unaingia Msitu wa Rau, unapita chini ya mivule mirefu ambayo ukiinua shingo kuitazama unajikwaa, kisha unatokea kwenye majaruba ya mpunga. Kuanzia hapo ni mto, mfereji na matuta. Tambarare kama meza. Kwenda na kurudi napata kilomita 9.

Tatizo ni kwamba tuta la jaruba lina upana wa nyayo mbili. Siku moja nakutana uso kwa uso na mama mwenye beseni la miche kichwani. Nani ampishe mwenzake? Jibu mnalijua. Nikatia mguu wa kushoto jarubani, tope likafika gotini, nilipouvuta mguu ukatoka bila kiatu. Basi nikapiga magoti kandoni mwa tuta, mkono mzima tumboni mwa tope, napapasa kama mtu anayetafuta kambale. Kina mama waliokuwa wanapandikiza wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akauliza, "Baba, ulikuwa unawahi msiba?"

Na mpunga ukianza kukomaa, jihadharini na vijana wanaoamia ndege. Wanatumia kombeo na vidonge vya udongo, na saa hizo za alfajiri hawatofautishi sana ndege na mzee mwenye fulana ya njano.

Haya, nimeanza. Nataka yaliyowakuta wenyewe, nadharia pelekeni kwingine.

Mwana wa Kilombero

Mkuu, wewe unalalamikia udongo wa kombeo? Mimi nipo upande wa Ifakara. Nilipohamia huku nilifurahi kuona njia safi inayoshuka kuelekea mtoni, nyasi zimelala, imegawanyika mistari miwili na katikati kuna kijituta cha majani. Nikajua ni njia ya baiskeli au mkokoteni. Nikaikimbia wiki nzima, alfajiri, najisifu moyoni.

Mzee mmoja mvuvi akaniona natokea humo. Hakunigombeza. Aliniita tu, akachuchumaa, akaweka ngumi moja mstari huu na nyingine mstari ule, akasema, "Mjukuu wangu, baiskeli gani hii yenye magurudumu sambamba?" Ilikuwa njia ya kiboko. Miguu yake ameiachanisha kwa sababu ya tumbo, ndiyo maana katikati majani yanabaki. Anatoka usiku kula nyasi, karibu na mapambazuko anarudi majini kwa njia ileile, na ukisimama kati yake na maji hana muda wa kukuzunguka.

Tangu siku hiyo sitoki mpaka jua liwe limepanda, na nakimbilia barabara ya juu. Mto nautazama kwa mbali. Masika hata hilo halipo, bonde lote linakuwa maji.

Bukini wa Oxford

Salamu kutoka Uingereza. Nipo Oxford kwa kazi, na mwenzenu nakimbia kando ya mto Thames. Kuna njia ya miguu inayoufuata mto huu kutoka karibu na chanzo chake, Gloucestershire, hadi London, takriban kilomita 296. Sehemu kubwa ilikanyagwa zamani na farasi waliokuwa wanavuta mashua kwa kamba, ndiyo sababu haina milima: farasi mwenye mzigo hapandishwi kilima bila sababu.

Kipande changu ni Port Meadow, malisho ya wazi yenye ng'ombe na farasi wanaotembea bila mchungaji. Mimi ni mtoto wa wafugaji, ng'ombe hawanitishi. Wanaonitisha ni bata bukini. Wananyoosha shingo, wanafoka kama nyoka, na hawana adabu kwa mgeni.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka kazini ni giza, malisho yamejaa maji, baridi ikizidi yanaganda. Hapo nabadili, nakwenda upande wa Iffley, kwenye lango la kupandishia na kushushia mashua. Mto ukijaa wanatundika mbao nyekundu kuwaonya wenye mashua. Mimi sina mashua, lakini nikiziona nyekundu nageuza, maana njia mbele itakuwa imezama. Jirani na hapo ndiko Mwingereza Roger Bannister, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 4, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, tarehe 6 Mei 1954. Mimi maili hiyo naitafuna kwa dakika 11, bukini wakiwa nyuma yangu.

Boda Mstaafu

Mkimbia Presha, dawa za presha bado unakunywa au umeziachia mto?

Mwalimu wa Budalang'i

Hamjambo. Mimi nakimbia juu ya tuta la kuzuia mafuriko ya mto Nzoia, huku magharibi mwa Kenya. Raha yake ni kwamba uko juu: upepo unakupata, mto mkono mmoja, mahindi na mapaa ya watu chini mkono wa pili.

Shida yangu haikuwa wanyama, ni macho ya watu. Mke wa mtu, mwalimu, katika suruali ya kubana? Kwa hivyo natoka nyumbani nimejifunga leso, natembea taratibu kama naenda dukani, naamkua kila mtu. Nikifika kwenye tuta naifungua, naikunja, naifunga kiunoni, naanza. Mama mkwe amejua siku nyingi. Juzi aliniuliza tu kama leso haichaniki.

Lakini tuta likipasuka, watu huhamia palepale juu na mahema yao. Wiki hizo sikimbii. Utapitaje mbio mlangoni mwa mtu anayekoka moto kwa kuni mbichi?

Mkimbia Presha (Moshi)

Mwalimu, hapo umenyamazisha kicheko changu.

Boda Mstaafu, dawa nakunywa kila asubuhi, mama watoto anahesabu vidonge. Na kwa mlioniuliza inboksi: kiatu nilikipata. Yule mama wa beseni ndiye aliyekichomoa, kwa vidole vya mguu.