Mjadala: Wachezaji wetu ni waoga, au jukwaa la Kirumba ndilo linalowatia uoga?

Timu ya Mwanza inapofungwa nyumbani, lawama ya kwanza siku hizi haiendi kwa mwamuzi wala kwa kocha, bali kwa moyo wa wachezaji. Kuanzia kwenye mageti ya uwanja wetu wa CCM Kirumba hadi vijiwe vya Mwaloni, Mabatini na Igoma, maneno ni yale yale: vijana hawa hawajitumi, wanavuta miguu, wanaogopa kuumia, hawana uchungu na timu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaka mchezaji anayekwepa kugombea mpira akatwe posho ya mechi, na wapo wanaojibu kwamba mtu anayecheleweshewa mshahara hawezi kudaiwa ujasiri. Mvutano huu umepamba moto tangu Pamba Jiji, klabu ya hapa Mwanza, iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20, na mimi ninaona kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya ujasiri bila kukubaliana kwanza ni tendo gani uwanjani linalouonyesha.

Shabiki ana haki ya kudai juhudi, na sitaki hoja yangu isomwe kama utetezi wa wavivu. Winga anayepoteza mpira kisha akarudi kwa kutembea, huku beki wake akibaki peke yake na washambuliaji wawili, anastahili kulaumiwa. Vivyo hivyo mchezaji anayejiangusha na kugaagaa ili dakika zipite, halafu akainuka mzima mara tu machela inapofika. Mambo haya yanaonekana kwa macho, hayahitaji utaalamu, na aliyelipa kiingilio ana ruhusa ya kuyapigia kelele.

Tatizo linaanza pale tunapoamua kwamba ushujaa ni kugongana. Jukwaani petu beki anayeruka na miguu yote miwili na kumfagia mpinzani hushangiliwa kana kwamba amefunga bao, hata anapoonyeshwa kadi inayoiacha timu pungufu. Mchezaji anayeinua mkono kuomba daktari baada ya kugongwa kichwa huitwa mlaini. Sisi watu wa kanda hii tulipaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo, kwa sababu mwezi Desemba 2016 kijana wa Mbao FC, klabu nyingine ya Mwanza, katika mchezo wa vikosi vya umri chini ya miaka 20 dhidi ya Mwadui, alianguka kwenye uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba na kupoteza maisha. Baada ya tukio lile sioni ni vipi mtu wa Mwanza anaweza kusimama na kumwambia mchezaji kwamba kuhofia mwili wake ni aibu.

Ujasiri ninaouona mimi ni mwingine, na ndio unaokosekana: kuutaka mpira wakati uwanja mzima umechukia. Tazameni kiungo wa timu ya nyumbani dakika ya kumi na tano, matokeo yakiwa bado bila bila. Anapokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo lango la wapinzani, anaona hana nafasi ya kugeuka, anaurudisha kwa beki. Hapo jukwaa linaguna. Dakika mbili baadaye anafanya vile vile, kwa sababu ndiyo pasi iliyo sahihi, na safari hii mguno unageuka kuwa zomeo. Mara ya tatu mpira unapokuwa kwa beki, kiungo yule hasogei tena kwenye nafasi. Anajificha nyuma ya mpinzani, ananyoosha kidole kuelekeza mpira upelekwe kwingine, na kwa jinsi anavyokimbia huku na huko mtu aliye jukwaani anaweza kudhani anapambana. Beki naye, akikosa wa kumpa, anabutua mbele. Jukwaa linapiga makofi! Mpira umetoka kwenye hatari, kelele zimetulia, na hakuna atakayelaumiwa. Lakini mpira uliobutuliwa hurudi haraka, timu nzima inalazimika kukimbia kuutafuta upya, na ikifika dakika ya sabini miguu imekwisha. Hapo ndipo tunapotamka hukumu yetu kwamba vijana hawana moyo, ilhali wamekimbia kuliko wapinzani wao. Kilichowaangusha ni kwamba tangu mwanzo waliogopa kukaa na mpira, na waliowafundisha kuogopa tulikuwa sisi.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya klabu ndogo. Basi tuikumbuke Taifa Stars dhidi ya Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2024, mjini San-Pédro. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Lawama zilizofuata hapa mjini zilikuwa za uoga, na kwa kiasi fulani zilikuwa sahihi, ila uoga wenyewe ulitajwa vibaya. Siku ile sikuona mchezaji aliyekataa kukaba. Niliona timu yenye mtu mmoja zaidi ikiutoa mpira kwa haraka kana kwamba unaunguza.

Kuna jambo jingine ambalo najua litawaudhi baadhi ya wasomaji, lakini mjadala wa uaminifu kwa jezi hauwezi kuliruka. Simba au Yanga wakija Kirumba, sehemu kubwa ya uwanja hugeuka kuwa ya wageni. Mtu aliyezaliwa Nyamagana, akasoma Ilemela, anayekula sato wa ziwa hili kila wiki, anaingia amevaa jezi ya timu ya Kariakoo na kuizomea timu ya mji wake mwenyewe. Wiki inayofuata anauliza kwa uchungu kwa nini wachezaji wetu hawakuonyesha moyo. Toto African, nayo klabu ya Mwanza, kabla ya kushuka daraja mwaka 2017, iliishi miaka mingi na tuhuma kwamba ni tawi la Yanga, kiasi kwamba kila ilipofungwa na Yanga watu walisema imeachia mchezo. Tuhuma za namna hiyo ni rahisi kutamka na ni ngumu mno kuzifuta, na beki anayejua kwamba kosa lake moja litaitwa hongo ana kila sababu ya kubutua.

Sasa hoja ya mishahara. Ninaiheshimu, na mchezaji asiyelipwa nisingemnyooshea kidole. Kanuni za FIFA zenyewe, tangu Juni 2018, zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba kwa sababu halali, ilimradi ameipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Mjumlishie safari za basi, ambazo kutoka hapa hadi Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 1,100, na utaelewa kwa nini baadhi yao huingia uwanjani wakiwa wamechoka kabla ya filimbi. Hata hivyo fedha haielezi kila kitu. Nimeona mara kadhaa timu zetu zikicheza kwa utulivu ugenini, kisha wachezaji wale wale, kwa mshahara ule ule, wakapoteana wanaporudi Kirumba.

Mfano ninaoupenda ni Mbao FC. Aprili 2017, ikiwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, iliitoa Yanga kwa bao moja kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, hapa hapa Kirumba, kwa bao ambalo beki wa Yanga alijifunga. Katika fainali kule Dodoma iliifikisha Simba hadi dakika za nyongeza na kufungwa 2–1, bao la ushindi likiwa la penalti. Hakuna aliyetarajia lolote kutoka kwao, kwa hiyo hakuna aliyewazomea kwa pasi ya nyuma. Miaka mitatu baadaye matarajio yalikuwa mengine, na Mbao ikashuka daraja baada ya kutolewa na Ihefu kwenye mechi za mchujo.

Wale wanaosema dawa ni kujaza kikosi vijana wa nyumbani, kwa kuwa mtoto wa Mwanza ataipigania Mwanza, waitazame Alliance. Ilitokana na kituo cha kukuza vijana cha papa hapa jijini, ikapanda mwaka 2018 na kushuka mwaka 2020, msimu ule ule iliposhuka Mbao. Kuzaliwa karibu na uwanja hakumsaidii mtu kupokea mpira katikati ya zomeo. Pengine humzidishia mzigo, maana kesho yake atakutana na waliomzomea kwenye daladala.

Kuhusu pendekezo la kukata posho, napinga, na sababu yangu ni ya kiutendaji kabisa. Adhabu itamwangukia anayeonekana kukosea, yaani aliyeomba mpira na kuupoteza. Aliyejificha nyuma ya mpinzani dakika tisini hatakuwa na kosa lolote kwenye karatasi, na posho yake itatoka kamili. Wanaounga mkono adhabu hiyo watueleze nani atakaa jukwaani kuandika majina ya wanaojificha, na kama wao wenyewe, siku ambayo Pamba Jiji itamkaribisha Simba, watakuwa wamevaa jezi ya nani.